Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii: mtoto katoka kwenye kikao anauliza nani anafungwa

Mheshimiwa Kamishna, salaam kutoka Tanga na pole na majukumu.

Mimi ni mama wa hapa Ngamiani, asubuhi nauza maandazi na bajia, na mwaka huu namlea mtoto wa kaka yangu, binti wa miaka 9, kwa mambo yaliyotokea kwao ambayo siyaandiki hapa maana ni yake mwenyewe. Hata hii barua nilimuuliza kwanza, akasema andika shangazi ila jina langu usiweke.

Nimeandika kwa sababu ya kikao. Tuliitwa kwenye ofisi moja kuzungumzia shauri lake, watu saba, mafaili mezani, feni inazunguka, na yeye kakalishwa kwenye kiti cha watu wazima miguu inaning'inia. Ndala moja ikamdondoka, nikamuona anaiangalia muda wote hathubutu kuinama kuiokota. Walikuwa watu wema wale, sitaki kuwasingizia, hakuna aliyemkaripia na wote walikuja kwa ajili ya usalama wake. Ila saa nzima wanamzungumzia yeye kama vile hayupo, mara ripoti ya uchunguzi, mara rufaa, mara hatua stahiki, af mwisho kabisa dada mmoja akamgeukia akamuuliza umeelewa mwanangu? Akaitikia ndio. Sasa mtoto aliyefunzwa adabu, mbele ya wakubwa saba, atajibu nini zaidi ya ndio?

Usiku tumeshalala nasikia ananiita. Shangazi, nani anafungwa? Nikamwambia hafungwi mtu. Akasema yule baba mwenye miwani kasema baada ya miezi mitatu wanafunga. Kumbe baba wa watu alisema mambo yakienda vizuri shauri litafungwa, yani wanamaliza kazi wanaweka faili kabatini, na yeye toka mchana anahesabu miezi kwa vidole anajua mama yake anaenda jela, na kosa ni lake yeye aliyesema. Nikamkumbatia nikamueleza mpaka akalala, mimi usingizi ukanikataa.

Kesho yake tena, nakanda unga, ananiuliza kwani sisi hatuaminiki? Mana alisikia kwamba nikishindwa kumlea atatafutiwa familia ya kuaminika. Hilo ni jina la kiserikali la watu waliopitishwa kukaa na mtoto kwa muda, na mimi mwenyewe nililijua baada ya kuuliza. Mtoto yeye kalisikia kama lilivyo, kwamba kuna familia za kuaminika na kuna ya kwetu.

Mheshimiwa, Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa kwenye maamuzi yanayohusu ustawi wake. Hata Mahakama ya Watoto sheria hiyohiyo inataka ikae faragha na isiwe na mambo ya kutisha ya mahakama za kawaida. Na toka 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama, tukashangilia, na ni haki tushangilie, lakini Kiswahili cha faili kwa mtoto wa darasa la tatu bado ni lugha ya watu wengine. Atatoaje maoni juu ya jambo ambalo hajaelewa hata linaitwaje?

Sisi watu wa pwani kumfafanulia mtoto jambo zito tunakujua toka enzi za bibi zetu. Mwari, binti anayefundwa, ana somo wake, yani mama wa kumfunda, anakaa nae ndani, anamwambia kesho kutakuwa na hiki, fulani atafanya hivi, ukiona vile usiogope, na yakiisha anakaa nae tena. Hakuna mwari anayeachwa aingie kwenye mambo asiyoyajua peke yake. Sasa iweje mtoto anayeamuliwa atalala nyumba gani na atamuona mama yake lini, huyo aingie bila mtu?

Ninachoomba si hela. Naomba utoe maelekezo kwamba kabla ya kikao chochote cha kumlinda mtoto awepo mtu mmoja wa kukaa nae nusu saa, pembeni, amwambie nani watakuwepo na kila mmoja kazi yake nini, nini kinaamuliwa leo na nini hakiamuliwi, na kwamba anaweza kusema sijaelewa, anaweza kuomba kutoka nje, anaweza asiingie kabisa na maneno yake yakapelekwa. Na kikiisha akae nae tena, amuulize we umesikia nini? Asiulizwe umeelewa, ndio yake tunaijua.

Maafisa ustawi ni wachache na wana mzigo, hilo nalijua, kwa hiyo mtu huyo anaweza kuwa mwalimu au nyanya yake au jirani, ilimradi mtoto amchague mwenyewe, awe anayetunza siri, na asiwe mtu anayehusika na yaliyomkuta. Na asimdanganye. Usimwambie mtoto utarudi nyumbani wiki ijayo wakati hujui.

Tunawafundisha watoto kupiga 116, ile simu ya msaada kwa mtoto, tunawafundisha waende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ni jambo jema sana. Ila wakishasema kinafuata nini hatuwaambii, na mtoto anayeamini kusema kwake ndo kumemfunga mama, huyo hatasema tena, na wenzake shuleni watasikia.

Kikao chetu kingine ni mwezi ujao. Nimempa daftari aandike anayotaka kuuliza, kaandika kwa penseli, kafuta, kaandika tena. Nitakaa wapi Ramadhani. Mama atakuja kuniona au mimi ndo nitaenda. Nani anasoma faili langu. Nikisema sitaki watakasirika.

Naomba, Mheshimiwa, awepo mtu wa kumjibu haya kabla hajapandishwa kwenye kile kiti.

Wako,
Mama wa Ngamiani, Tanga