Shukrani kwa kaka wa Kinyasini

Kaka ulonisaidia pale Kinyasini, jina sikukuuliza, ahsante sana wallahi. Gari ya oto kila ikibadili gia inashtuka mpaka abiria wanagongana, fundi wa mjini keshanambia giaboksi imekufa ninunue nyengine, we ukasema tia gia ya P, ile ya kuegesha, usizime injini, ukachomoa kijiti cha oili ya giaboksi ukakifuta kwenye kitambaa cheupe, nyeusi tii inanuka kuungua na iko chini ya alama! Tukamwaga tukatia mpya ya aina ilee ilioandikwa kwenye kijiti, sasa inakwenda laini. Ulosema oili kongwe nyengine imebaki kwenye konveta, kile kidude baina ya injini na giaboksi, nirudie kumwaga, ntafanya inshaallah. Ila hela ya chai kukataa hujanifanyia vizuri bwana, Mungu akuzidishie.