Swahiba, bonde hujaliona bado

Swahiba wangu mpenzi,

Salamu nyingi, natumai u mzima na miguu imeshapoa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilisikitika uliposema kuwa safari ya baiskeli bondeni imekukinaisha na kwamba habari za mto hutaki tena kuzisikia. Kilomita 90 kwa barabara ile ile ya kando ya maji, kwenda na kurudi, malori yakikupita ubavuni, kisha upepo wa uso njia nzima ya kurudi! Hata mimi ningerudi nimenuna. Ila niruhusu nikwambie: bonde hujaliona bado. Umeona barabara moja tu, tena umeipita saa isiyo yake.

Mimi mabonde nimeyazoea hivi: mengi yana barabara tatu. Ya chini imelala kando ya mto, ya juu inapita mgongoni mwa vilima, na kati ya hizo mbili, ubavuni, kuna ya kati. Ukitazama ramani haraka hutaiona, kwa sababu ni nyembamba na imepindapinda. Hiyo ndiyo ninayotaka uijue.

Kwanza ya chini, kwa kuwa ndiyo iliyokuumiza. Mto mkubwa ukishafika tambarare hauna haraka. Mto Danube wa Ulaya, kutoka mji wa Passau, Ujerumani, mpaka Vienna, Austria, ni karibu kilomita 300, na katika mwendo wote huo hushuka chini ya mita 200. Haifiki hata mita moja kwa kilomita, na mguu hauwezi kuihisi. Ndiyo maana EuroVelo 6, ile njia ya baiskeli inayotoka Bahari ya Atlantiki mpaka Bahari Nyeusi, hufuata mito ya Loire na Danube kwa sehemu kubwa; mwenye mizigo au mwenye watoto hupata raha huko. Lakini wewe uliyeinama juu ya usukani wa baiskeli ya mbio, tambarare haikupi pumziko. Hakuna mteremko wa kuacha kukanyaga, wala mlima wa kukuinua kwenye kiti. Misuli ni ile ile saa tatu mfululizo, viganja vinakufa ganzi, na kiuno kinaanza kulalamika.

Halafu upepo. Hapa nitakaa kidogo, maana siku yako iliharibikia hapa. Siku ya jua na utulivu, jua likishapasha moto miteremko, hewa yake hupanda, na hewa nyingine huvutwa kutoka chini kuja kujaza nafasi. Kwa hiyo mchana upepo huvuma kuelekea mto unakotoka. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa huteremka kufuata maji. Wewe uliondoka asubuhi ukipanda na mto, ukarudi alasiri ukishuka nao, yaani uliuendea upepo wakati ulipokuwa na nguvu zake zote. Ukienda kilomita 25 kwa saa na upepo wa uso ukawa 15, mwili wako unapasua hewa ya kilomita 40, na nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma inakuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya siku tulivu. Huo ni mlima kamili, ila mlima usioonekana. Basi asubuhi shuka na mto, alasiri panda nao. Ikitanda mvua au ukija upepo mkubwa wa nchi nzima, kanuni hii haifanyi kazi, kwa hiyo tazama utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutoka.

Sasa ya kati. Watu wa zamani waliujua mto vizuri, wakajenga vijiji juu ya mstari wa mafuriko, mahali maji hayawafikii lakini kisima na shamba bado viko karibu. Barabara iliyounganisha vijiji hivyo ndiyo hiyo. Magari makubwa yamehamia chini, yenyewe ikabaki kwa baiskeli, matrekta na watoto wa shule. Kila kijito kinachoteremka kwenda mtoni huikata, kwa hiyo inakuwa mteremko, daraja dogo, kisha mlima mfupi, na unaanza tena.

Nataka uone moja tu. Lami inaingia chini ya miti na mwanga unapungua ghafla. Hewa inabadilika, unaisikia shingoni, baridi yenye harufu ya majani yaliyolowa. Mnyororo unanyamaza, gurudumu la nyuma linatoa ule mlio wake wa tik-tik-tik, na kabla hujaliona daraja unasikia maji. Hapo ndipo pa kuwa macho. Mwaka juzi, asubuhi ya baada ya mvua, kijito kimoja kilikuwa kimemwaga mchanga juu ya lami ndani ya kona, mwembamba kama unga. Nilishika breki nikiwa tayari nimelala konani. Gurudumu la mbele liliteleza na kiwiko changu kikachubuka mpaka nyama. Tangu siku hiyo breki namaliza kabla ya kona, na gia nabadilisha kabla ya daraja, kwa sababu mlima wa ng'ambo huanza hapo hapo na mnyororo ukilemewa haushuki kwa hiari.

Ya juu usiipande kila siku, ila kwa mzunguko mmoja ipande mara moja. Kwenye ramani tafuta barabara inayofuata kijito: huanza kwa upole na ukali wake huuweka mwishoni. Ile inayopanda kilima moja kwa moja itakukata pumzi toka mita ya kwanza. Ukipata tuta la reli iliyoachwa, kimbilia hilo, maana treni hazipendi mlima mkali na waliolijenga walikufanyia hesabu zamani.

Lingine ni madaraja. Kabla ya kuchora chochote, yatie alama madaraja yote, kwani ukilikosa moja, linalofuata huenda liko kilomita 15 mbele. Na ukiwa chini, kumbuka kuwa upande wa nje wa kona ya mto maji hula ukingo, barabara hubanwa kati ya mwamba na maji, na mwendesha baiskeli hana pa kukwepea. Upande wa ndani ni mpana na tulivu.

Njoo mwisho wa mwezi. Nimeshachora mzunguko wa kilomita 67 na sehemu zote nimezipita mwenyewe. Tutaanzia kwenye lile lile daraja ulikoanzia wewe, lakini tutasubiri ukungu uinuke kwanza, maana alfajiri hewa baridi hujikusanya chini na madereva hawatuoni. Hata hivyo njoo na taa ya nyuma. Tutashuka na mto kilomita 28 kwa barabara ya kati, tuvuke, tupande kilomita sita. Ni mita 300 za kupanda, utaweza, usiwe na pupa tu. Juu tutaendesha kilomita kumi, bonde lote liko chini ya mkono wetu wa kushoto, kisha tano za kuteremka. Tairi za milimita 28 zinatosha, punguza upepo kidogo ndani yake.

Kilomita 18 za mwisho ni kando ya maji. Najua umeapa. Lakini ni ng'ambo ya pili, kwenye barabara ndogo isiyo na malori, na itakuwa saa tisa alasiri, upepo wote ukiwa mgongoni mwetu. Hapo utaweza kuinua kichwa uutazame mto.

Nijibu mapema, nijue kama nikuwekee tyubu za akiba.

Wako daima,
Swahiba yako