Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Tanga: aliyeibiwa utambulisho asigeuzwe mtuhumiwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam kutoka Makorora. Nakuandikia kama katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mwenzetu mmoja, muuza samaki pale Deep Sea, aliitwa kituoni ajieleze kuhusu laini iliyotumika kutapeli watu kwa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Laini ilisomeka jina lake na namba yake ya NIDA, lakini yeye hajawahi kuishika.

Alipobonyeza *106# aliziona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na hiyo ya matapeli ikiwamo. Akaenda duka la mtandao husika kuikana, akaambiwa alete RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Kituoni akatakiwa barua ya serikali ya mtaa kwanza. Mtendaji naye akauliza: nithibitishe vipi kitu nisichokiona? Mama wa watu akapigwa danadana, biashara imelala, na huku laini ile bado iko hewani inatapeli wengine.

Sheria ipo, Mheshimiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeshafanya kujifanya mtu mwingine kuwa kosa. Kinachokosekana ni mtu wa kumpokea aliyeibiwa.

Ombi letu la kwanza ni hilo. Wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, na OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, anakaa kwenye meza yako. Mwagize kila kituo kimpokee mlalamikaji na kumpa RB siku hiyohiyo, bila kumzungusha kwa mtendaji. Tarehe ya RB ina uzito mkubwa: inaonyesha kwamba mtu aliikana laini kabla ya utapeli unaofuata.

La pili ni mawakala wa miamvuli, wale wanaosajili laini barabarani. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, wamerahisisha maisha, sikatai, na wengi ni vijana wetu wanaotafuta riziki. Ila mteja akiambiwa "alama haijashika, bibi, rudia", anajuaje kama hiyo ya pili haisajili laini nyingine? Wazee wetu wengi hawasomi kioo cha simu ya wakala. Namba ya siri ikiibiwa unaibadilisha. Kidole unakibadilisha na nini? Zitake kampuni za simu zilizopo hapa Tanga zihakikishe kila wakala anavaa kitambulisho na anajulikana anapofanyia kazi. Na kila anayesajiliwa abonyeze *106# palepale, kabla hajaondoka.

Kuna na vibanda vya stationery huku Ngamiani. Unataka kopi ya kitambulisho, unaambiwa piga picha utume WhatsApp. Kopi unaondoka nayo, picha inabaki kwenye simu ya kibanda miaka nenda rudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata hawa, lakini sidhani kama kuna aliyewahi kupita kuwaeleza. Maafisa biashara wanaopita kukagua leseni wangeweza kulisema hilo.

Sisi kwenye kikundi tumeanza kuelezana. Meseji ya tapeli haifutwi, ni ushahidi. Nakala yake inatumwa 15040, namba ya kuripoti utapeli. Laini usiyoijua inakanwa kwenye mtandao wake, na unaomba uthibitisho wa maandishi kwamba imefungwa. Benki unayowekea fedha inaarifiwa mapema, na namba za siri zinabadilishwa. Kitambulisho kikipotea, taarifa inakwenda polisi na NIDA, hata kama namba unaikumbuka kwa kichwa.

Lakini hayo yote yanaishia kwenye kaunta ya kituo, na kaunta hiyo iko chini ya kamati yako. Mwenzetu bado anasubiri RB yake. Tungependa kusikia jibu lako kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa wetu, ukiwa na OCD.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kikundi cha kuweka na kukopa,
Makorora, Tanga