Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: matangi ya mafuta yaliyobaki chini ya viwanja vyetu

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa kuchimba visima hapa Dar es Salaam. Nakuandikia kwa ajili ya kiwanja kimoja ambacho nilizima mashine nikiwa nimefika mita 11 tu.

Mwenyewe alikinunua ajenge nyumba ya kupangisha. Tope lililopanda kutoka shimoni lilianza vizuri, mchanga mwekundu kisha mweupe. Ghafla likawa la kijivu, na kijana wangu aliyekuwa akilizoa akarudi nyuma anakohoa. Petroli. Nililikoroga kwenye ndoo ya maji, pakatanda utando wa rangi za upinde wa mvua. Mzee mmoja jirani ndiye aliyetufumbua macho: hapo zamani palikuwa na sheli (mtaani kila kituo cha mafuta tunakiita hivyo, kiwe cha kampuni yoyote). Kilipofungwa, pampu ziling'olewa na mabati ya paa yakauzwa. Matangi hakuna aliyeyaona yakitoka.

Mwenye kiwanja akaniomba nipite hapo palipoharibika, nishuke hadi maji safi ya chini. Nilikataa. Sehemu kubwa ya jiji hili imekaa juu ya mchanga wenye maji, chini yake kuna udongo wa mfinyanzi, na chini ya mfinyanzi kuna mchanga mwingine wenye maji. Petroli ni nyepesi, huelea juu ya yale maji ya kwanza, lakini sehemu yake huyeyuka, hasa benzini, kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli, ikaenda yanakokwenda maji. Mfinyanzi ndio unaoyakinga maji ya chini. Ningeutoboa mahali pale, sumu ingeteremkia humo kwa tundu nililolichimba mimi kwa mikono yangu. Na maji hayo ndiyo tegemeo letu: tangu ukame wa 1997 visima vimechimbwa jijini kwa wingi, vya serikali na vya watu binafsi.

Mama mmoja ana kisima kifupi, kama hatua 40 kutoka pale. Aliniambia, "Mwanangu, chai yangu ina harufu, nikadhani ni ndoo." Alikuwa anayachemsha maji na kuyatia dawa, kama tulivyofundishwa wote. Dawa ya klorini huua vijidudu, haiondoi petroli. Kuyachemsha jikoni, dirisha likiwa limefungwa, kunahamishia mvuke wa benzini kwenye pua za wajukuu. Benzini husababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Kiasi hicho huwezi kukinusa. Ukiona chai inanuka petroli, huenda kikomo kilishapitwa zamani.

Wapo watakaosema mwenye kituo hawezi kupoteza mafuta asijue. Anaweza, Mheshimiwa. Tanki la chuma likitoboka kwa kutu na kudondosha tone moja kila sekunde, hiyo ni takriban lita 4 kwa siku. Kijiti cha kupimia hakilioni pengo hilo kwenye tanki la maelfu ya lita, lakini kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,500 ardhini. Marekani walipoanza kuyafuatilia matangi kwa sheria miaka ya 1980, walikuja kuthibitisha uvujaji zaidi ya 500,000. Kabla ya hapo yalikuwa yanavuja vilevile, ila hayajapimwa.

Ninachoomba ni uchunguzi. Yatafutwe maeneo yote yaliyowahi kuwa vituo vya mafuta. Nyaraka zisipotosha, waulizwe wazee wa mitaa, hawasahau. Kila eneo udongo uchukuliwe kwa vina mbalimbali, siyo ule wa juu tu, na vichimbwe visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, maana kwa kimoja hutajua maji yanaelekea wapi wala ni kisima cha nani kitakachofuata. Maji yajazwe kwenye chupa za kioo hadi juu, zisibaki na hewa, zikae kwenye barafu mpaka maabara. Sampuli ya chupa ya soda iliyoshinda juani itasema uongo. Majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Na kiwanja cha kituo kilichofungwa kisibadilishwe matumizi mpaka tanki litolewe na udongo upimwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, tena inaweka msingi kwamba mchafuzi ndiye alipe. Kanuni za viwango vya ubora wa udongo na wa maji tunazo tangu 2007. Gharama zisimwangukie aliyenunua kiwanja bila kujua, wala yule mama.

Shimo nimeliziba kwa saruji, na mahali nimepatia alama. Ukituma wataalamu, nitawapeleka mwenyewe, siku yoyote. Yule mama kwa sasa ananunua maji ya kunywa ya madumu. Ya kisimani anafulia, maana kununua ya kila kitu hawezi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa visima, Dar es Salaam