Kwa wapima mizani wa AMCOS zetu, vyama vya msingi vya ushirika vya kuuza mazao

Wajukuu zangu,

Nawaandikia kabla msimu haujafunguliwa, maana pamba ikishaanza kumiminika ghalani hamtapata nafasi ya kumsikiliza mzee. Nasikia mnavyoambiana kijiweni kwamba mpima mizani asiyejenga nyumba kwa misimu miwili ni mjinga. Maneno hayo nami niliambiwa mwaka 1973, nikayaamini.

Nilikuwa na miaka 22, karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi huku Kwimba, mkoani Mwanza. Kila mzigo niliukata kilo mbili. Mshale ukisimama kwenye 41, naandika 39. Mizigo mia kwa siku ni kilo 200 zisizo na mwenyewe, na jioni tulijua jina la kuziandikia. Nikanunua baiskeli, nikanunua redio. Watu wakaniita bwana mkubwa, nami nikaitika.

Siku moja akaja mama mjane ambaye mzigo wake alikwisha kuupima kwingine. Nikamsomea kilo zangu. Akanitazama, kisha akasema taratibu, “Haya mwanangu, andika.” Hakugomba. Vidole vyake vilikuwa vimechanwachanwa na makaka ya pamba. Lile neno “mwanangu” halijanitoka hadi leo. Nilipopata ujasiri wa kumrudishia haki yake, alikuwa ameshafariki. Fedha nikampa mwanawe. Akazipokea kwa heshima, akaniambia kwamba mwaka ule niliompunja mama yake ndio alioacha shule.

Mnajua ushirika wetu ulianzia wapi? Ulianzia kwenye mizani. Wanunuzi walikuwa wakiwapunja wazee wetu, ndipo akina Paul Bomani wakazunguka vijijini kuwaunganisha wakulima, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Karani anayekata kilo anakirudisha kijiji kule kule baba zetu walikokimbia. Sisi tulikirudisha. Serikali ilipovifuta vyama vya ushirika mwaka 1976, pale kwetu sikumwona mkulima aliyesikitika.

Wapo wakulima wanaotia maji na mchanga, hilo nalijua. Mzigo wa namna hiyo ukataeni, arudi nao akaanike. Msimlipizie kwa kalamu. Na stempu ya ukaguzi ambayo Wakala wa Vipimo huipiga kwenye mizani msijifiche nyuma yake, kwa sababu haioni goti linaloinua mzigo kwa chini.

Nyumba jengeni, wajukuu zangu. Nafurahi nikiona bati jipya likimeta. Ila iwe nyumba ambayo mwenye pamba akipita njiani, unatoka mlangoni kumkaribisha maji ya kunywa bila kukwepa macho yake.

Ombi langu ni moja. Siku ya kwanza ya msimu, geuzeni uso wa mizani umwelekee mkulima. Asome yeye kwanza, kwa sauti, wenzake kwenye foleni wasikie. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake. Ndipo mwandike.

Ni mimi babu yenu, karani wa zamani.