Sarafu ya tembo ya bibi: niipeleke mnadani Ujerumani au nimuuzie mnunuzi wa hapa?

Mhariri na wasomaji wenzangu,

Salaam. Naandika kutoka Tabora. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 51, na nashonea kwenye kibaraza cha nyumba ya mama yangu, ambayo naye aliirithi kwa mama yake. Jambo ninaloliombea ushauri lilianzia kwenye kopo la vifungo la marehemu bibi, na leo limefika mahali ambapo mimi na kaka yangu mkubwa hatuli tena sahani moja.

Bibi alipofariki kopo lilibaki kwangu kwa kuwa ndiye mshonaji. Ni kopo la maziwa ya unga, mfuniko umepinda. Miaka yote nilikuwa nikichota vifungo vya juu juu tu. Mwaka juzi nilihitaji vifungo vya shaba kwa koti la mteja, nikalimwaga lote kwenye mkeka. Zikatoka sarafu kumi na tatu zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye uzi kama shanga: ni heller kumi kumi za Mjerumani. Zikatoka rupia nne za fedha. Ikatoka moja kubwa yenye sura ya mwanamke mnene na mwaka 1780. Chini kabisa palikuwa na kitambaa cha kaniki kilichoshonwa kama hirizi. Nilikifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na ndani mkawa na sarafu ya dhahabu, ndogo kuliko kizibo cha soda. Upande mmoja tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima, chini 1916 na herufi T. Upande wa pili tai wa Kijerumani na maneno Deutsch Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na 15 Rupien, rupia kumi na tano.

Bibi alikuwa akituambia, "Hela zenyewe nilizonazo mimi, nyie mnashika makaratasi," nasi tukicheka. Kumbe alisema kweli tupu: neno hela tumelipata kwenye hizo heller.

Ile T ni Tabora. Wakati wa vita vya kwanza pwani ilikuwa imezibwa na meli za Waingereza, fedha za kutoka Ujerumani haziingii, ndipo Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kupiga sarafu zao humu humu mjini, kwenye karakana ya reli. Zilitoka 16,198 tu. Septemba mwaka huo huo wa 1916 Wabelgiji wakauteka mji, kazi ikaisha. Mama anasema babu yake alikuwa kibarua wa kubeba kuni kwenye karakana hiyo. Sijui kama mnanielewa ninavyojisikia nikiishika: imepigwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kibarazani kwangu, na imerudi mkononi mwangu baada ya miaka zaidi ya mia.

Mama mwenyewe yu hai, ana miaka 79, na alitamka mbele yetu sote: iuzwe, tugawane kwa haki, kisibaki kitu cha kugombaniwa akiondoka. Kwa hiyo swali la kuuza au kutouza limekwisha. Swali ni njia.

Niseme kwanza makosa yangu, maana ndiyo yaliyotufikisha hapa. Rupia zilikuwa nyeusi. Nikazihurumia. Nikachukua mbili, nikazisugua kwa ndimu na majivu, halafu kwa dawa ya meno, mpaka simba na mnazi vikang'aa kama kijiko kipya. Nilifurahi siku nzima. Mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye anaishi Hamburg na huniita mama mdogo, nami namwita mwanangu, alipoziona kwenye picha alinyamaza kidogo, kisha akaniambia taratibu kwamba ule weusi ndio umri wa sarafu, na mkusanyaji akiona imesuguliwa huiweka pembeni. Ukitazama kwa lenzi unaona michirizi midogo maelfu, haifutiki tena. Naomba kila anayesoma hapa mwenye sarafu za wazee wake asiziguse hata kwa sabuni.

Tukakubaliana tujaribu mnada wa mtandaoni kwa rupia mbili kabla ya kuigusa ile ya tembo. Nilimtumia, yeye akaziweka. Mnada ulikuwa wa siku saba. Siku sita za kwanza watu wanachungulia tu. Dakika mbili za mwisho ndipo dau likapanda mara tatu. Ile niliyoisugua iliishia euro 21. Ile ambayo sikuigusa, ya mwaka 1890 ile ile, ikafika euro 62. Hiyo ndiyo bei ya ndimu yangu.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Mnunuzi wa ile ya euro 62 baada ya siku tisa alilalamika kwamba ni bandia, akadai fedha zake. Utaratibu wa mtandao ule humsikiliza kwanza mnunuzi: fedha zikazuiwa, akaambiwa arudishe mzigo. Ukarudi. Mwanangu alipofungua bahasha ilikuwa rupia nyingine. Rupia halali ya Mjerumani ina gramu 11.66, hii ilikuwa na tisa na kidogo. Masharubu ya Kaiser, yule mfalme wa Wajerumani, yamefutika kama yaliyomiminwa kwenye udongo, na ukiidondosha mezani hailii, inatoa sauti butu kama bati. Tuliandika malalamiko mara tatu. Tukaulizwa: mna picha ya sarafu yenu ikiwa juu ya mizani? Hatukuwa nayo. Mna picha ya ukingo wake? Hatukuwa nayo. Shauri likafungwa, fedha zikarudi kwa mnunuzi, na sisi tukabaki na kipande cha bati.

Nilipomweleza kaka yangu, alinitazama akasema, "Na tutajuaje kama hukuibadilisha wewe?" Alisema mbele ya mama. Mimi ndiye niliyelimwaga lile kopo na kuwaita wote waje waone. Ningetaka kuiba, nani angejua? Lakini neno limeshatoka, na tangu siku hiyo sarafu ya tembo inalala chini ya mto wa mama, hakuna anayeishika bila mwingine kuwepo.

Sasa tuna njia tatu mbele yetu.

Ya kwanza ni ya kaka. Tulikwenda wote watatu kwa sonara mjini, mtu mzima na mwaminifu, sina neno naye. Aliiweka kwenye mizani yake ndogo: gramu 7.15. Akaigusisha kwenye lile jiwe jeusi la kupimia dhahabu, kidogo mno ukingoni, akadondosha tindikali, akasema ni karati 18. Hayo mawili yanalingana na ninavyojua, kwa sababu sarafu hizi zilitolewa na gramu 7.168 na dhahabu yake ni 750 katika 1,000. Akatupa bei ya dhahabu: shilingi milioni moja na laki mbili, taslimu, sasa hivi. Halafu akaigeuza kwenye mwanga na kutuonyesha juu ya kichwa cha tembo, pale ukingoni, kidoa kama punje ya mtama, rangi yake imepauka kidogo. Ni alama ya kulehemu. Maana yake kuna wakati ilitiwa kikonyo ikavaliwa kama kidani, pengine na bibi mwenyewe akiwa bibi harusi. Sonara akajitolea kuipiga tupa pale na kuing'arisha yote bure. Kaka akasema sawa. Nilimshika mkono sonara kabla hajainua tupa, na nikaomba radhi kwa kumshika. Baada ya ile ndimu, sikuweza kukaa kimya.

Ya pili ni dalali wa Dar es Salaam aliyesikia habari zetu. Anatoa milioni nne, fedha mkononi. Alianza kwa kututisha kwamba kumiliki mali kale ni kesi. Nilitafuta kuijua Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na kukuta inayotaja ni vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ya kwetu ni ya 1916. Nilipomwambia hivyo alibadilisha sauti, akapandisha hadi nne na nusu. Mtu anayeanza kwa vitisho na kupandisha bei akijibiwa, mimi simwamini, lakini milioni nne na nusu ni mara tatu na zaidi ya bei ya sonara, na kaka anazihesabu kila jioni. (Waliopiga simu wakitaka tuiweke kwenye mchele, eti sarafu ya kale huvuta punje, tuone kama "inavuta", na waliotaka laki tatu za usajili ili watuletee Mwarabu mwenye mamilioni mia mbili, hao nimewafungia simu.)

Ya tatu ni ya mwanangu: nyumba ya mnada Ujerumani, ile ya ukumbi na nyundo, ambayo huchapisha katalogi na kuweka kila sarafu namba yake. Siku hizi wanunuzi waliomo ukumbini na walioko mtandaoni hupanda dau kwa pamoja. Nimezitazama zilizouzwa: sarafu za tembo za Tabora zilizo safi zinafika dola elfu kadhaa. Yetu ina kidoa cha kulehemu, kwa hiyo haiwezi kufika huko, hilo nalijua. Walipotumiwa picha walipendekeza bei ya kuanzia euro 1,500. Watakata asilimia 15 kwetu sisi wauzaji, na mnunuzi naye ataongeza asilimia yake, 20 na zaidi, juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho nyundo inapogongwa. Nilidhani hiyo ya mnunuzi hainihusu. Mwanangu akanifafanulia kwamba inanihusu, kwa sababu mtu mwenye euro 2,400 mfukoni hawezi kupanda hadi 2,400. Atasimama 2,000, ili na ile asilimia imtoshe. Na katika hizo 2,000 sisi tutapata 1,700, miezi miwili baada ya mnada.

Hizo 1,700 zikipatikana ni zaidi ya fedha za dalali. Lakini ni "zikipatikana". Kaka anauliza maswali ambayo siwezi kumpuuza. Isipouzwa? Ikirudi nyingine, kama ile rupia? Uwanja wa ndege wakiikuta mfukoni mwa kijana wakasema anatorosha dhahabu? Nami nina langu moja: wanaojua wanasema sarafu hii ina aina mbili, unazitofautisha kwa kutazama pambo lililo upande wa tai linaishia chini ya herufi gani ya neno Ostafrika, T au A, na bandia ni nyingi. Gramu na karati za sonara zinanipa moyo, lakini fundi wa bandia naye ana mizani.

Ninayoomba kwenu, hasa mliowahi kuuza sarafu nje, ni haya. Je, kwa sarafu yenye alama ya kulehemu, inafaa kulipia kampuni za upimaji kama NGC au PCGS, zile zinazoifungia sarafu kwenye kijisanduku cha plastiki na kuipa daraja kati ya 1 na 70? Nasikia yenye dosari hawaipi namba, wanaandika tu kwamba ni halali lakini ina kasoro. Kwetu hilo neno "halali" peke yake lingetosha kumnyamazisha kaka, ila gharama na safari ya sarafu kwenda na kurudi vinanitisha. Nikiweka bei ya chini ambayo haiuzwi pungufu, tuseme euro 1,800, nitawafukuza wanunuzi au nitaikinga? Na kwa wanaojua forodha: sarafu moja ya dhahabu ya urithi huandikiwa karatasi gani, na huombwa wapi, kabla ya kufika uwanja wa ndege?

Kuna la mwisho, na hili halihusu sarafu. Nataka safari hii kaka awe shahidi wa kila hatua. Nimefikiria tuipige picha pamoja juu ya mizani, pande zote mbili na ukingo, kidoa kikionekana. Tuandike kwa mkono uzito na alama zake. Mama aweke dole gumba, sisi watatu tusaini. Na barua ya mapokezi ya nyumba ya mnada ije kwa jina la mama, si langu wala la mwanangu. Kama kuna aliyefanya hivyo kati ya ndugu, aniambie nini kingine nimekisahau.

Mwanangu yuko hapa Tabora kwa likizo. Anaondoka tarehe 28, na mama amesema hadi usiku wa tarehe 27 sarafu itakuwa chini ya mto wake.

Wenu,
Fundi cherehani, Tabora