Shosti, kapime potasiamu

Dodoma

Mpendwa Neema,

Habari za Mwanza? Huku ni upepo na vumbi tu, ila mzima. Mitihani nimepita yote, hakuna sapu.

Shosti, sizunguki. Uliponiambia kwenye simu kwamba maji ya baridi yanakuuma meno, nilikumbuka ile likizo: chipsi mayai sahani nzima, mbiombio, kisha bafuni, ukarudi macho mekundu ukisingizia pilipili. Asidi ya tumbo hula meno. Wewe, daktari mtarajiwa, ndiye uliyenifundisha. Na potasiamu, madini ya mwilini, ikishuka kwa kutapika, unajua mapigo ya moyo huvurugika.

Hauko peke yako. Uchambuzi mmoja wa 2019 ulijumlisha tafiti 19 za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi 9, na takriban mmoja kati ya 10 alionekana yuko hatarini kupata ugonjwa wa ulaji. Yale yalikuwa madodoso ya kuchuja, si vipimo vya kuthibitisha ugonjwa. Hata hivyo, hesabu darasa lenu.

Wala sishangai. Bumu, ule mkopo wa chuo, likichelewa tunashindia chai na andazi, likiingia tunafidia. Usiku kukesha na desa za masomo, alfajiri wodini. Halafu yule bosi wenu wa wodini akakuuliza mbele ya wenzako, daktari bonge atamshauri nini mgonjwa wa kisukari! Mliucheka kama utani, ila wewe ulianza kuruka milo siku hiyohiyo. Mwili ulionyimwa kutwa hudai usiku, tena bila adabu. Ukishakula unajichukia, unatapika, kesho unafunga tena. Na watu wanakusifia, "umepungua, umependeza!" Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Nijibu maswali haya matano ya kuchuja ugonjwa wa ulaji, yalichapishwa Uingereza 1999 na bado yanatumika: Unajitapisha ukihisi umeshiba mno? Unahofu kwamba huwezi tena kujizuia ukianza kula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi 3? Unajiona mnene wengine wakikuona mwembamba? Chakula kimetawala maisha yako? "Ndiyo" mbili zinatosha kwenda kwa mtaalamu.

Najua unachoogopa: faili lako kushikwa na watu unaokula nao kantini. Basi njoo huku, hakuna anayekujua. Hata Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya hapa Dodoma, nitakusindikiza, na usianze kucheka, si ya vichaa kama tulivyotishwa utotoni. Ila potasiamu kapime kesho hukohuko, usisubiri safari. Nauli nitachangia, bumu limeingia.

Wako,
Rehema